Ijumaa Kuu Penye Soko la Watu

Mwaka 2024 Ijumaa Kuu iliangukia tarehe 29 Machi, na Ramadhani ilikuwa imeshavuka nusu. Mji Mkongwe wa Unguja ulikuwa umefunga milango ya kula: migahawa imeshusha mapazia, mabarazani hakuna dele la kahawa, na wauza urojo hawana habari na mtu mpaka jua lizame. Wakristo nao, wachache walivyo kisiwani, walikuwa na saumu yao. Kwaresima hufikia kilele siku hiyo, na hata wale walioshindwa kufunga wiki zote zilizotangulia hujikaza Ijumaa hii moja.

Saumu hizi mbili hazikutani kila mwaka. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya ofisini, ilhali Pasaka haitoki kati ya Machi 22 na Aprili 25. Ijumaa Kuu iliingia ndani ya Ramadhani mwaka 2022, ikaingia 2023, ikaingia 2024, halafu zikaachana. Mwandamo wa mwezi utachukua karibu miaka 30 kuzirudisha pamoja. Ndiyo maana nilitaka siku ile nisali Unguja, na nisali Mkunazini hasa, katika kanisa ambalo watalii hulilipia kiingilio na waumini huliita tu kanisa letu.

Kabla ya kuufikia mlango, upande wa uani, kuna shimo la mraba. Ndani yake wamesimama watu watano wa kuchongwa, wanaume na wanawake, miili yao kama imeota kutoka chini, kila mmoja anatazama kwake. Shingoni wana pingu za chuma, na mnyororo unapita toka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Ni kazi ya msanii Clara Sörnäs wa Sweden, ya mwaka 1998. Wenyeji wa pale husema mnyororo wenyewe haukutengenezwa kwa ajili ya sanamu, ni wa enzi zile zile. Mvua ya alfajiri, ya mwanzo wa masika, ilikuwa imeulowesha. Niliinama kuutazama: pete zake hazilingani, nyingine nene, nyingine zimelika katikati zikabaki nyembamba, na maji yaliyokuwa yakidondoka kwenye pete ya chini yalikuwa na rangi ya kutu. Msichana mdogo aliyevaa gauni jeusi alikuja kusimama kando yangu, akawahesabu wale watu kwa kidole, kisha akamuuliza mama yake kwa nini hawana miguu. Mama akamvuta mkono. Ibada ilikuwa karibu kuanza.

Hapa ndipo palipokuwa na soko. Watu waliotekwa pande za Ziwa Nyasa na kwingineko bara waliswagwa kwa miguu hadi pwani, wengi wao Kilwa, wakapakiwa majahazini, na walionusurika njiani wakaletwa kupimwa meno na misuli. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kulifunga, akisukumwa na Balozi wa Uingereza, John Kirk, aliyekuwa na tishio la manowari nyuma yake. Wamisheni wa UMCA, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza, wakajipatia kiwanja, sehemu yake ikiwa imetolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, na Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi likawekwa. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Askofu Edward Steere, mtu wa vitabu, ambaye Wakristo wa pwani wamelisoma Agano Jipya kwa Kiswahili kupitia jasho lake. Paa alilitaka la tao, la saruji iliyochanganywa na mawe ya matumbawe, na watu wakaapa kwamba litamwangukia. Halijamwangukia mtu mpaka leo. Steere mwenyewe alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Lakini tarehe zisitupumbaze. Kilichofungwa mwaka 1873 ni soko na biashara ya baharini. Kumiliki mtu Unguja kuliendelea kuwa halali hadi mwaka 1897. Kwa miaka mingi watu walisali Ijumaa Kuu ndani ya jengo hili, na nje ya ukuta wapo waliokuwa bado mali ya watu.

Kengele haikupigwa. Tangu usiku wa Alhamisi Kuu kengele hunyamaza, na madhabahu huvuliwa kila kitu: vitambaa, mishumaa, maua. Ukiingia kanisani siku hiyo unakuta kama nyumba ambayo wenyewe wamehama. Misalaba imefunikwa. Nilikaa kwenye benchi pamoja na bibi mmoja wa Mbweni, amejitanda kanga nyeusi, anajipepea na karatasi ya nyimbo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea nafasi. “Leo, mwanangu, mji mzima umefunga,” alininong'oneza. “Hata shetani hana pa kula.”

Saa sita mchana mapadre waliingia bila wimbo, wamevaa rangi ya huzuni, wakafika mbele na kulala kifudifudi sakafuni. Mtu asiyeijua ibada hii hushtuka. Mbele ya madhabahu ya Mkunazini kuna duara la marumaru, jeupe na jekundu, na mapokeo ya pale yanasema ndipo uliposimama mti wa kuchapia. Mtumwa alifungwa hapo akachapwa mbele ya wanunuzi, asiyelia akapanda bei. Sasa hapo hapo watu wazima watatu wamelala, paji la uso kwenye jiwe, na kanisa zima limepiga magoti. Ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko nilivyozoea, mpaka mtoto mmoja nyuma akakohoa na watu wakaonekana kushukuru kwamba kuna mtu amekohoa.

Ijumaa Kuu ndiyo siku ambayo makanisa ya mapokeo haya hayaweki wakfu mkate na divai. Watakaokomunika hupokea kilichobakizwa tangu jana yake. Siku nyingine zote kanisa lina jambo la kutoa; siku hii limekuja mikono mitupu, limesimama mahali mtu aliposulubiwa na halijui lifanye nini. Wapo wahubiri wasioweza kuvumilia hali hiyo, na kabla ya saa nane wameshaanza kutangaza ufufuko. Nadhani wanawanyang'anya waumini kitu. Aliyefiwa hukaa matanga kwanza, na hakuna anayemwambia ale arusi siku ya maziko.

Kisha yakasomwa Mateso kwa Injili ya Yohana, kwa sauti kadhaa. Msomaji mmoja ni msimulizi, mwingine ni Pilato, padre anasoma maneno ya Yesu, na waumini wote wanapewa sehemu ya umati. Ni utaratibu wa zamani, na umefikiriwa vizuri. Hukai ukamsikiliza mtu mwingine akidai asulubiwe, unadai wewe mwenyewe, kwa sauti yako, pamoja na jirani yako na mtoto wa jirani yako. Bibi wa Mbweni alisoma sehemu hiyo kwa sauti ndogo sana, huku ameshika karatasi mbali na macho.

Nilipokuwa nasikiliza, kitu kilichonikaa ni bei. Kabla ya kufikia msalaba, Yesu aliuzwa. Injili ya Mathayo inataja vipande 30 vya fedha, na kiasi hicho kina historia: katika Kitabu cha Kutoka ndicho anacholipwa bwana ambaye mtumwa wake ameuawa na pembe za ng'ombe. Aliyeandika Injili ile alijua anachokisema. Kisha ikaja adhabu yenyewe. Katika dola ya Kirumi msalaba ulikuwa kifo cha watumwa na waasi. Raia wa Roma kwa kawaida hakufishwa hivyo. Uasi wa Spartacus ulipovunjwa mwaka 71 kabla ya Kristo, watumwa 6,000 walitundikwa kando ya barabara ya Appia, kutoka Capua hadi Roma, ili kila mpita njia ajifunze. Karne moja baadaye, mtu aliyekuwa akihubiri kwamba Mungu amefunuliwa katika mtu aliyekufa kifo hicho alikuwa anasema jambo la aibu kabisa. Katika makanisa mengi aibu hiyo imeshafutika, msalaba umekuwa wa dhahabu na unavaliwa shingoni. Mkunazini haijafutika, kwa sababu ukigeuza shingo unaona, kupitia mlango ulio wazi, shingo tano nyingine zilizovaa kitu tofauti.

Kwa hiyo waliobatizwa hapa mwanzoni hawakuhitaji kufafanuliwa sana Ijumaa Kuu. Mwaka 1864, UMCA ilipohamia Unguja, wanafunzi wa kwanza wa Askofu Tozer walikuwa wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa lililokamatwa. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa akiwa mtoto, alipata upadre mwaka 1890. Nimejaribu kumfikiria mtu wa namna hiyo akisimama mbele ya duara lile la marumaru kusoma habari ya mtu aliyeuzwa na rafiki yake, akavuliwa nguo, akachapwa, akatembezwa mjini. Angehitaji mfano gani?

Baada ya Injili ilianza tafakuri ya Maneno Saba, yale aliyoyasema Yesu akiwa msalabani. Hapo ndipo kalenda mbili zilipogongana. Mhubiri alikuwa katikati ya neno la kwanza, lile la kuwaombea msamaha wanaomuua, adhana ya Ijumaa ikapaa kutoka misikiti ya jirani, mmoja ukianza, wa pili ukidakia, wa tatu ukichelewa kidogo. Mhubiri alinyamaza. Hakuna aliyemwomba, na hakulitolea maelezo. Alishika kingo za mimbari akangoja mpaka mwadhini wa mwisho akamaliza, kisha akaendelea na sentensi pale pale alipoiachia. Neno la pili lilikuwa na shida zaidi, kwa kuwa hotuba ya msikitini ilikuwa imeanza kwa kipaza sauti, na kwa dakika kadhaa tulisikiliza mahubiri mawili kwa wakati mmoja. Mtu wa mbele yangu alikuwa anatabasamu.

Nikiri kwamba mengi ya yaliyosemwa katika neno la tatu na la nne yamenitoka. Joto lilikuwa kali, hewa nzito kwa mvua iliyogoma kushuka, na tumbo lilikuwa linafanya hesabu zake. Lakini neno la tano ni lile la kiu. Mhubiri alikuwa mzee, midomo imemkauka, na alipofika hapo akasita kidogo, akalamba midomo bila kutaka. Kanisa zima liliona. Hakuwa amekunywa maji tangu asubuhi, sisi tuliokuwa mbele yake tulikuwa vivyo hivyo, na wale waliokuwa wakitoka misikitini, nyayo zao zikisikika kichochoroni, hawakuwa wametia kitu mdomoni tangu daku. Akasema kwa ufupi kwamba Mwokozi alipokuwa anakufa hakuomba jambo kubwa, aliomba anachoomba kila mtu. Akaenda neno la sita.

Saa nane na nusu msalaba ulifunuliwa, kitambaa kikiteremshwa hatua kwa hatua, na watu wakapanga foleni kuuheshimu. Unapiga magoti, unabusu miguu ya aliyesulubiwa, mhudumu anapangusa kwa kitambaa, anafuata mwingine. Foleni ile ilikuwa na kila namna ya mtu: mwalimu, askari aliyevua kofia, wafanyakazi wa hoteli kutoka bara waliopewa ruhusa ya saa mbili tu na kutazama saa zao, mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Bibi wa Mbweni ana goti baya. Alipofika hakupiga magoti, aliushika mti wa msalaba kwa mikono miwili kama mtu anayemsaidia mwenzake kushusha mzigo, akaegemeza paji la uso, akakaa hapo mpaka foleni ikasimama. Hakuna aliyemharakisha.

Msalaba wanaoubusu sio ule maarufu. Ule maarufu upo kwenye nguzo karibu na madhabahu, mdogo, mweusi, na wageni huonyeshwa kwanza huo. Umetengenezwa kwa mbao za mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone baada ya kufariki kwake Mei 1873. Mwili wake ulikaushwa, ukabebwa na watumishi wake, kina Abdullah Susi na James Chuma, zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, ukapelekwa London na kuzikwa Westminster Aprili 1874. Siku ya mazishi Susi na Chuma hawakuwapo; waliitwa Uingereza baadaye, maziko yamekwisha. Chuma, ambaye mwenyewe alikuwa ametolewa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa akiwa kijana, alifia Unguja mwaka 1882, mwaka ule ule wa Steere. Kanisani wageni hutajiwa Livingstone kabla ya kutajiwa Susi na Chuma. Katika Njia ya Msalaba kituo cha tano ni cha Simoni Mkirene, mtu wa Afrika ya Kaskazini aliyekuwa akipita zake, akakamatwa na kubebeshwa. Mji huu uliishi kwa migongo ya wapagazi. Kama kuna kituo ambacho Mkunazini wangestahili kukitilia mkazo, ningesema ni hicho.

Ipo hatari nyingine mahali hapa, nayo ni kuifanya Ijumaa Kuu kuwa siku ya kuwanyooshea wengine kidole. Habari za soko hili husimuliwa kwa urahisi mno: Waarabu waliuza, Wazungu wakaokoa, Mwafrika akalia. Lakini mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalikuwa na wanunuzi ng'ambo. Watumwa wa pwani hii walipelekwa pia kwenye miwa ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Pembe za ndovu zilizoshuka na misafara zilikwenda kuwa vidude vya piano Ulaya na Marekani, na kitambaa kilicholipia biashara hiyo bara kiliitwa merikani kwa sababu kilitoka huko. Machifu wa bara waliuza watu wa jirani. Na upande wa pili wa Afrika, bandarini Luanda, mapadre walibatiza watumwa kwa makundi kabla hawajapakiwa melini. Umati katika somo la Mateso hauna kabila moja, ndiyo sababu kanisa huwapa waumini wote sehemu yake.

Saa tisa ibada ikakoma. Nasema ikakoma kwa sababu haina mwisho wa kawaida: hakuna baraka, hakuna wimbo wa kutokea, hakuna kupeana mikono. Watu waliinuka mmoja mmoja wakaondoka. Uani dirisha la tiketi lilikuwa linafunguliwa tena, na kundi la wageni waliokuwa wakingoja kwenye kivuli lilichukuliwa na kijana mtembezaji kushuka kwenye vyumba vya chini vya jengo la jirani, Mtakatifu Monika. Nilijipachika nyuma yao. Ni vyumba vyenye dari fupi mno, inabidi uiname, na mnyororo umewekwa juu ya kizingiti cha saruji. Kijana alieleza kwa ufasaha idadi ya watumwa waliofungiwa mle, siku ngapi, wangapi walikufa kwa kukosa hewa. Tatizo ni kwamba jengo lile lilijengwa na wamisheni wenyewe, liwe hospitali, miaka mingi baada ya soko kufungwa, na wanahistoria wameshalisema hilo.

Walipotoka nilimuuliza. Hakukasirika. “Najua, kaka,” alisema, “lakini mgeni haji huku kuangalia paa la tao. Anataka mahali pa kuinama.”

Namwelewa, ana familia ya kulisha. Hata hivyo, siku hii kati ya siku zote haihitaji kuongezewa chumvi. Soko lilikuwepo. Watu walisimamishwa hapa wakatajiwa bei, na hilo lina hati, lina mashahidi walioandika, lina tarehe ya mkataba. Ukilitegemeza juu ya chumba ambacho hakikuwa gereza, siku atakapokuja mtu wa kukanusha atakuwa na pa kuanzia. Nilimwambia hivyo kijana, akasema atalifikiria, na akaenda kulipokea kundi lingine.

Bibi wa Mbweni alikuwa anangoja geti lipungue watu. Alinituma nimshikie kikapu mpaka Darajani, kwa kuwa alitaka samaki kabla ya kupanda daladala. Jirani yake, Mwislamu, alikuwa amemwambia asipike: wafungue pamoja magharibi, na nyama haitawekwa, kwa heshima ya siku. Yeye kazi yake ni kuleta samaki. Jumapili, alisema, zamu itageuka, atapika pilau ya Pasaka na kuipeleka kwa jirani baada ya adhana ya jioni, itakayobaki iwe daku.

Mezani kwa wauza samaki palikuwa hapapitiki. Akashika changu mmoja, akamfunua shavu, akauliza bei, akamrudisha kwa kishindo.

“Kijana, jana si hivi.”

“Jana, bibi, walikuwa wanafunga wale tu,” muuzaji alimjibu akimwagia samaki maji. “Leo mmefunga nyote, na nyote mnataka samaki.”

Bibi alimshika changu kwa mara ya pili, akaanza kutoa pesa, huku akimwambia kwamba Jumatatu atarudi na atataka punguzo la siku zote mbili.